Bibi, Sista na Daftari la Presha

Ada za zahanati zilipofutwa katikati ya mwaka 2013 ndipo Bibi yangu alipokubali kwenda kupimwa presha. Kabla ya hapo malipo yalikuwa shilingi kumi tu, lakini Bibi alikuwa na msimamo wake: shilingi kumi ni chumvi na kiberiti, na presha haionekani kwa macho. Tuliishi Bongwe, nyuma ya Ukunda ukiipa bahari kisogo, kwenye shamba la minazi, mikanju na miembe aliloachiwa na wazee wake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Mama alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Kumpeleka Bibi kliniki kukawa kazi yangu, na hivyo ndivyo nilivyomjua Sista.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hakunituma nimtaje. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, na Chidigo cha Bibi hakikumpiga chenga hata siku moja. Zahanati yetu, kama zahanati nyingi za vijijini Kenya, haikuwa na daktari. Aliyekuwepo ni muuguzi. Yeye ndiye aliyezalisha, aliyechanja watoto, aliyefunga vidonda vya panga na kupima malaria, na jioni akabaki peke yake akijaza madaftari. Siku ya presha wazee walijipanga kwenye benchi la veranda tangu asubuhi, nao wengine walimwita daktari. Hakuwasahihisha, ila kila mmoja alimwamkia kwanza kabla ya kumfunga ule mkanda wa mkononi.

Yeye ndiye aliyeona. Sisi tuliokula na Bibi sahani moja hatukuona, au tuliona tukasema ni uzee. Bibi aliporudia hadithi moja mara tatu kwenye chakula kimoja, tulicheka naye. Alipoweka chumvi kwenye chai, tulisema macho yamechoka. Sista aliona kwa njia yake: alivihesabu vidonge. Vilipaswa kubaki vichache, na pakiti ikawa karibu imejaa. Mwezi uliofuata ikawa kinyume, vimekwisha kabla ya wakati. Kisha Bibi akaenda zahanati peke yake siku isiyo ya kliniki, akakaa kwenye benchi tupu akingoja wenzake.

Niliitwa. Lakini Sista hakuzungumza nami kana kwamba Bibi hayupo, kama vile Bibi ni mzigo niliouleta. Alimgeukia yeye. "Bibi, mwaka huu mmepanda nini? Chifu wetu ni nani siku hizi? Leo ni siku gani, nisije nikakosea kwenye daftari langu?" Akamwomba amtajie wanyama wote anaowajua. Bibi alitaja mbuzi, kuku, ng'ombe, akarudi kwa mbuzi, akanyamaza. Chifu alimtaja wa zamani, aliyekwisha kufa. Alipoulizwa kuhusu Babu, uso ulichangamka, akasema yuko Ramisi kiwandani na Ijumaa atakuja na sukari. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na Babu alifariki baada ya hapo. Sista hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia sukari ya Ramisi ilikuwa tamu.

Miaka ya baadaye nilisoma kwamba kule wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza maswali ya namna hiyo hiyo, ya kumpima mzee ambaye hakusoma shule: kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno machache, kujua siku, kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Utafiti wao wa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa huu wa kusahau, dementia, kwa watu kama sita katika kila mia wenye miaka 70 na zaidi. Nilipousoma nilistaajabu. Muuguzi wetu alikuwa ameyafikia maswali yale kwa akili yake, kwa kukaa na wazee wa Bongwe mwezi baada ya mwezi.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kutoa jina la ugonjwa. Alitafuta kwanza linalotibika. Alipima malaria, akapima sukari, akaomba mkojo. Akasema niende nyumbani nilete dawa zote anazotumia Bibi, zote, hata za dukani. Nilirudi na mfuko wa plastiki. Mlikuwa na dawa za maumivu, dawa ya kikohozi ya zamani, na Piriton nyingi ambazo Bibi alinunua kiduka cha jirani apate usingizi. Sista alizitoa zile Piriton, akaziweka kando. Alinieleza kuwa dawa ya mafua inayoleta usingizi humchanganya mzee, na mzee ambaye kumbukumbu yake imeanza kulegea humchanganya zaidi. Tuliziacha. Bibi hakupona, lakini mchana aliacha kusinzia na kuweweseka.

Alinifundisha pia kitu ambacho nadhani kila nyumba yenye mzee ingepaswa kukijua. Kusahau kwa ugonjwa huu huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla, jana anakujua na leo hakujui, anaona watu ukutani, huko si kuendelea kwa ugonjwa huo. Kuna kitu kingine, mpeleke mara moja. Ilitokea kwetu. Bibi alivurugika kwa siku mbili, akakataa kula, akapiga kelele usiku. Mjomba alikwisha kusema pepo wamepanda. Tukampeleka zahanati, mkojo ukaonyesha maambukizi, akapewa dawa, na kabla wiki haijaisha alikuwa amekaa mkekani akituuliza nani kaacha mlango wa jikoni wazi.

Rufaa ilitupeleka hospitali ya Msambweni. Tulikwenda kwa matatu, Bibi akiwa dirishani akitaja kwa sauti majina ya vituo ambavyo vingine havipo tena. Daktari alimpima, akathibitisha alichoandika Sista, akasema hakuna dawa ya kuponya. Presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa huenda ndiyo iliyoumiza mishipa midogo ya ubongo. Kuishika presha kungesaidia isizidi upesi. Safari ya Msambweni ilikuwa muhimu, sikatai. Lakini baada ya siku ile moja tulirudi Bongwe, na kazi yote iliyobaki ikawa ya nyumbani kwetu na ya zahanati.

Kwa Wadigo neno la mjomba ni zito. Mjomba wangu mkubwa alitaka Bibi anyweshwe kombe, na kama haitoshi achezewe ngoma ya pepo. Mama aliogopa kwamba Sista akisikia atakasirika na kutuacha. Alisikia, hakukasirika. Alisema, "Kombe anywe, Mjomba, lile ni neno la Mungu na linamtuliza. Na kidonge cha presha anywe pia. Ninaloomba ni moja: asifukizwe moshi, asipigwe, asikeshezwe." Mjomba hakuwahi kuambiwa na mtu wa hospitali kwamba anaweza kufanya lake. Tangu siku ile yeye ndiye aliyeuliza kila jioni kama kidonge kimenywewa. Sijasahau hekima ile, na bado naamini muuguzi aliyesoma vitabu vingi lakini akamdharau mjomba angeipoteza nyumba nzima.

Alikuja nyumbani pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba bila mshahara. Hawakukaa kitako kuhubiri. Sista alizunguka. Aliangalia njia ya choo, akasema tufunge leso nyekundu mlangoni ili Bibi akitambue kwa rangi. Aliangalia kisima, akasema kifunikwe kwa kitu kizito. Aliona ukindu umetundikwa darini, akauliza nani msusi. Ni Bibi, alikuwa hodari wa mikeka, ila tulimnyang'anya kazi alipoanza kukosea miraba. "Mrudishieni," alisema. "Mkeka si wa kuuzwa. Mikono yake bado inajua." Alitukataza kumuuliza, "Unanikumbuka?" Mtu akiingia aseme mwenyewe: shikamoo Bibi, mimi ni fulani wa fulani, nimekuja kukuona. Swali lile tulikuwa tukilirudia mara nyingi kwa siku bila kujua kwamba kila mara tunamwaibisha.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Bibi aliamka akisema wanajeshi wamekuja, wanaume wakimbilie msituni. Alikuwa amerudi Agosti 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa mwaka ule, askari walipita vijiji vya pwani ya kusini kuwasaka vijana, na wengi walilala maporini. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Bibi alikuwa mtu mzima mwenye wana wa kiume. Tulikuwa tukimwambia, "Bibi, hayo yalikwisha," naye akatuona wajinga au wasaliti. Sista alisema tusibishane. Tumwambie wanaume wamerudi salama, mlango umefungwa, sasa alale. Tulifanya hivyo. Mara nyingi alilala.

Mwaka 2014 ulikuwa mbaya kwa Diani. Mashambulizi ya kigaidi pwani na Nairobi yaliwatisha wageni, nchi za Ulaya zikawaonya raia wake, hoteli zikafunga moja baada ya nyingine. Mama akaachishwa kazi. Kwa mfuko ilikuwa hasara kubwa. Kwa Bibi ilikuwa nafuu, kwani sasa tulikuwa wawili. Lakini Mama alikonda. Siku moja ya presha, baada ya kumpima Bibi, Sista alimvuta Mama mkono, akamfunga mkanda yeye. Presha ilikuwa juu kuliko ya Bibi. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?" Sikuwa na jibu. Akamwita Mjomba siku hiyo hiyo, akampangia zamu. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi Bibi alale kwa Mjomba, au mtoto wa Mjomba aje alale kwetu. Sisi tusingethubutu kumwambia Mjomba neno kama hilo. Kutoka kwa Sista alilipokea.

Sasa nifike kwenye usiku ambao nikiufikiria hadi leo mwili husisimka. Kitasa kilisahauliwa. Bibi alitoka, na kabla ya adhana ya alfajiri jirani alimkuta kwenye ua wake, leso imemwanguka, ameshika shina la mwembe. Nyumba ile ilikuwa na mtoto mwenye homa kali kwa siku kadhaa. Kwa anayeijua pwani yetu sihitaji kueleza zaidi. Mzee wa kike, usiku wa manane, bila nguo, kwenye nyumba yenye mgonjwa. Huku Kwale na kule Kilifi wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa au kunusurika kuuawa na watu wao wenyewe kwa kuitwa wachawi. Kufikia saa mbili asubuhi vijana walikuwa wamesimama njiani makundi makundi, na salamu zetu hazikuitikiwa.

Nilikimbia zahanati. Sista aliwaomba radhi waliokuwa kwenye foleni, akachukua mkoba, akapanda bodaboda. Nilidhani anakuja kwetu. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akamwomba mama wa mtoto ruhusa amwone mgonjwa. Akamtoboa kidole, akangoja kipimo, akamwonyesha baba wa mtoto ile mistari miwili: malaria. Akampa dozi ya kwanza pale pale, akaeleza jinsi ya kuimaliza. Ndipo akaja kumuuliza Mama kama anamruhusu kusema ugonjwa wa Bibi mbele ya watu. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa sababu sauti haikutoka.

Mzee wa mtaa aliwaita watu chini ya mwembe wa msikitini baada ya adhuhuri. Sista alisimama na kijitabu cha kliniki cha Bibi mkononi. "Wazee wangu, mama huyu mimi nampima kila mwezi. Ana ugonjwa wa ubongo unaomfanya asahau nyumba yake. Jana usiku alikuwa akiitafuta. Mtoto ana malaria, nimeiona kwa macho yangu na baba yake ameiona, na dawa ameanza. Mkimkuta tena usiku, mshikeni mkono, mpeni leso, mrudisheni kwao. Na kesho ni mama wa mmoja wenu." Imamu naye akasema maneno machache juu ya wazee. Mtoto alipona. Baada ya hapo Bibi alipotea mara nyingine kadhaa, na kila mara alirudishwa akiwa ameshikwa mkono, safari moja na yule yule baba wa mtoto.

Je, hospitali kubwa ingeweza kufanya hivyo? Ingeweza kuandika barua. Neno la Sista lilisikika kwa kuwa nusu ya watoto waliosimama pale alikuwa amewazalisha yeye.

Kulikuwa na hatari nyingine, ya mchana. Mashamba ya nyuma ya Ukunda yalikuwa yakipanda bei, na madalali walijua nyumba zenye wazee wa kutia dole gumba. Wawili walimkuta Bibi peke yake barazani wakiwa na karatasi na soda. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyepita na kuwaona, akampigia Sista simu. Sista hakuwa na mamlaka ya kuthibitisha akili ya mtu, na hakujifanya anayo. Alituandikia rufaa upya, hospitali ikatoa barua, nasi tukaipeleka kwa chifu ijulikane kwamba dole la Bibi si ridhaa. Shamba bado lipo.

Kisha ukaja mwaka 2017. Wauguzi wa umma nchini waligoma kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwanzo wa Novemba, karibu miezi mitano. Siwalaumu, madai yao yalikuwa ya haki. Ninaandika tu lililotupata. Zahanati ilifungwa. Vidonge tukanunua duka la dawa Ukunda, siku tulizokuwa na pesa. Benchi la wazee lilikaa tupu. Wazee wawili wa benchi lile walipooza upande mmoja kipindi kile, na Bibi aliteremka ngazi ambazo hakuzipanda tena. Alipotoka kwenye miezi ile hakuweza kujilisha. Mwezi Mei wa mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepitisha kule Geneva mpango wa dunia wa ugonjwa huu, wa mwaka 2017 hadi 2025. Sisi mpango wetu ulikuwa mtu mmoja, na kwa miezi mitano hakuwepo.

Aliporudi alitufundisha mambo ya mwisho. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda. Kumketisha wima kabla ya kumlisha uji, kijiko kidogo, na kungoja ameze. Alitwambia mapema kwamba siku itafika atakataa chakula, na siku hiyo tusimlazimishe, tumloweshe midomo tu. Ilipofika tulikuwa tunajua. Bibi alifariki nyumbani mwaka 2019, juu ya mkeka aliousuka mwenyewe, na Sista alikuja matangani akakaa jikoni na wanawake.

Baadaye nilipata kulitazama daftari. Kwa miaka yote ile Bibi alikuwa ameandikwa mgonjwa wa presha. Mazungumzo ya chini ya mwembe, zamu za Mjomba, leso ya mlango wa choo, ule mkoba uliopanda bodaboda, havikuwa na safu ya kuandikwa. Kisichoandikwa hakipangiwi bajeti, na muuguzi hapimwi kwa hicho. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii Kenya wamepewa mikoba yenye mashine za presha na sukari, na posho waliahidiwa, jambo jema ambalo yule mama wa kijijini kwetu alilingoja muda mrefu. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi nayo ilitiwa sahihi mwaka huo.

Naiomba serikali ya kaunti ya Kwale ifanye mambo mawili. Kila zahanati iwe na wauguzi wa kutosha ili mmoja aweze kutoka kwenda nyumbani kwa mzee bila kuiacha foleni, na kila muuguzi na mhudumu wa kijiji afundishwe kuutambua ugonjwa huu na kuuandika kwa jina lake. Na wewe msomaji mwenye mzee anayeanza kusahau, mpeleke kwa muuguzi wa zahanati yako kabla ya kumpeleka kwingine kokote. Omba apimwe presha, sukari, malaria na mkojo. Nenda na mfuko wa dawa zake zote. Na ukifika, mwache mzee ajibu mwenyewe.